Ufunguo wa kifaa apewe aliyekinunua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mtu akinunua simu au kompyuta kwa fedha zake, nani mwenye kauli juu ya programu zinazoingia humo? Mimi nasema ni mnunuzi. Watengenezaji wengi wanaona vingine, na kwa kuwa funguo wanazo wao, wanalotaka ndilo linalokuwa.

Tazama walichofanya Sony, watengenezaji wa mashine ya michezo ya PlayStation. PlayStation 3 za awali ziliuzwa zikiwa na uwezo wa kuwekewa Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kifaa) wa bure, na kampuni yenyewe iliutangaza uwezo huo. Tarehe 1 Aprili 2010 likaja sasisho namba 3.21, likauondoa. Aliyelikubali alipoteza Linux. Aliyelikataa alifungiwa kucheza na wenzake mtandaoni. Kitu kilichokwisha kulipiwa kikachukuliwa ndani ya nyumba ya mtu bila hata hodi. Mwaka uliotangulia, Julai 2009, Amazon nao walifuta vitabu kwenye Kindle, vifaa vyao vya kusomea vitabu, za wateja waliokwisha kuvinunua. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi, lakini uwezo wa kufuta ulibaki mikononi mwao.

Watengenezaji husema kufuli hili la kuzuia mifumo wasiyoiidhinisha lipo kwa ajili ya usalama. Hilo silibishi. Kifaa kinapowaka hukagua saini ya mfumo endeshi, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha umetoka kwa nani, na ukaguzi huo huwazuia wahalifu kupandikiza mfumo wao. Ninachohoji ni nani anayeruhusiwa kuongeza saini anayoiamini. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft waliwataka watengenezaji wa kompyuta za kawaida wamwachie mwenyewe uwezo wa kuzima ukaguzi huo au kuweka funguo zake. Kwa vifaa vya prosesa za ARM, aina inayotumika sana kwenye simu na tableti, wakaamuru kinyume: kuzima ni marufuku. Kampuni ile ile, kufuli lile lile, mwaka ule ule. Kama sababu ni usalama tu, mbona kompyuta za kawaida hazikufungwa?

Anayeumia zaidi ni mwenye simu iliyozeeka. Kioo hakina ufa, kamera inapiga vizuri, chaji inakaa, ila masasisho yamekoma na programu moja baada ya nyingine zinakataa kuingia. Fundi angeweza kuiflashi akaweka LineageOS, mfumo unaoendelezwa na watu wa kujitolea, simu ikaendelea kutumika. Lakini kufuli halifunguki, basi simu nzima inaishia jalalani.

Sheria imlazimishe mtengenezaji kumpa mwenye kifaa njia ya kulifungua kufuli akiitaka, baada ya kumwonya waziwazi juu ya hatari zake. Anayetaka kubaki chini ya ulinzi wa kampuni abaki, hakuna anayemzuia. Nawe Mhariri, waandishi wako wanapochambua simu mpya hutueleza habari za kamera, betri na ukubwa wa hifadhi. Naomba watueleze pia kama mnunuzi anaweza kulifungua kufuli lake, na masasisho yatakoma mwaka gani.

Msomaji wako