Utafiti wa majitaka uanze na wanaoshuka shimoni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa rohoni muda mrefu, kuhusu hizi tafiti za usafi wa mazingira mijini ambazo vyuo vya nchi tatu nne vinaungana kuzifanya. Mi sio mtaalamu, nilikuwa kibarua wa kukusanya takwimu kwenye mradi mmoja wa namna hiyo, kazi yangu kushusha ufito kwenye shimo la choo kupima kina cha tope, mwenzangu anaandika kwenye tableti. Sasa pale shimoni ndo unajifunza. Unashusha ufito unagonga kitu, haushuki tena, unadhani umefika chini kumbe ni matambara, chupa, nepi na pedi vimejazana katikati. Mzee mmoja mtapishaji, yaani mtu wa kazi ya kutoa kinyesi kwenye mashimo ya vyoo yaliyojaa, aliyekuwa amesimama pembeni akatuambia, "Vijana, hapo hamjafika, zungusheni." Tukazungusha, ukashuka karibu mita nzima. Maana yake vipimo vyetu vya wiki nzima ya nyuma havikuwa sahihi, na ule utaratibu wa kupima ulipangwa na wasomi wa mabara mawili, wazuri kabisa, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza yule mzee.

Siupingi ushirikiano, tena nautaka sana. Kwa hesabu za WHO (shirika la afya duniani) na UNICEF (la watoto) mwaka 2022 watu bilioni 3.5 duniani hawakuwa na huduma ya choo iliyo salama mpaka mwisho, na sio kwamba wote hawana vyoo, wengi wanavyo, shida ni shimo likishajaa. Wataalamu wanachora safari ya kinyesi cha mji mzima, mishale ya kijani kwa kinyesi kilichofika salama mtamboni na myekundu kwa kile kilichoishia mtaroni au mtoni, na kwa sababu miji mingi duniani imechorwa kwa utaratibu mmoja unaweza kulinganisha mji na mji, kitu ambacho nchi moja peke yake isingeweza. Na maarifa yenyewe hayatoki upande mmoja tu jamani. Mabomba membamba ya majitaka yanayofukiwa kina kifupi na kupita nyuma ya nyumba, yale ya gharama nafuu, yalianzia Brazil miaka ya 1980. Orangi, makazi ya watu wa kipato cha chini kule Karachi, Pakistan, kwenye mradi alioanzisha mtaalamu wa maendeleo ya jamii Akhter Hameed Khan mwaka 1980, wakazi walichangishana wakajenga wenyewe mabomba ya vichochoro vyao, yale makubwa yakabaki kazi ya serikali. Hayo yote yalifanikiwa kwa kuwa mwenye shida alikuwa ndani ya kazi tangu siku ya kwanza.

Sasa niambieni, mtapishaji anakaa wapi kwenye mikutano hii? Yeye anaijua gesi ya shimoni kuliko sisi wote, inaanza kunuka kama yai viza halafu ikizidi pua inakufa ganzi, husikii tena harufu, ukidhani imeisha ndo imekuwa kali na inaua. Mwaka 2019 WHO, ILO (shirika la kazi duniani), Benki ya Dunia na WaterAid (shirika la hisani la maji na usafi) walitoa ripoti ya pamoja kuhusu hali za wafanyakazi hawa na niliifurahia mno, lakini ripoti ni kitu kimoja na bajeti ni kitu kingine. Ule mradi wetu ulileta pampu ya mkono ili watu wasishuke tena shimoni, ikafanya kazi vizuri tu, watu wakafurahi, miezi michache baada ya watafiti kuondoka mpira wa ndani ukachanika na spea inapatikana nchi ya mbali, hela ya kuagiza haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Watu wakarudi kwenye ndoo na kamba, na hilo mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika maombi ya fedha za tafiti hizi saa hizi, wawekeni watapishaji kwenye timu na muwalipe kama mnavyowalipa wengine, tengeni fungu la spea na fundi kwa miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa, na matokeo yarudi mtaani kwa lugha inayosemwa mtaani. Yule mzee alituuliza mara mbili zile namba zetu zimeonyesha nini, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumpa.

Msomaji wako