Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya mzee wetu, mpiga piano na mtunzi wa jazi

Familia ya marehemu mzee wetu inawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu siku za ugonjwa hadi mazishi: jamaa, majirani, madaktari na wauguzi, viongozi wa dini, wanafunzi wake na wanamuziki wenzake. Mlikuja, mlipiga simu, mlichanga, mlikesha. Si rahisi kumfikia kila mmoja kwa jina, hivyo tunaomba mzipokee salamu hizi kama zimeandikiwa wewe binafsi.

Lakini lipo kundi ambalo kazi yake haikuonekana msibani, nalo tutalitaja kwa kirefu: ninyi mliouokoa muziki wenyewe. Mtunzi wa jazi huacha karatasi chache kuliko watu wanavyodhani. Wimbo wa vipimo 32 (mafungu ya midundo) unatosha kwenye ukurasa mmoja: melodi kwenye mistari, alama za kodi juu yake (kodi hizi hazilipwi serikalini, ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), basi. Mengine yote, yaani mkono wa kushoto ushike nini, besi itembee au isubiri, solo ianze kwa nani, yalikuwa kichwani mwake na masikioni mwa waliopiga naye. Asiyeyajua hayo akiifuata karatasi kama ilivyo, anapata mifupa mitupu.

Ndiyo maana tunaanza na mpiga besi na mpiga drams wa trio yake, kundi lake la watu watatu. Walisikiliza rekodi kwa mwendo wa nusu na kuandika kila sauti ya mkono wa kushoto. Palipoandikwa kodi za D ndogo ya saba, G ya saba, kisha C kubwa ya saba, mzee hakugusa noti za msingi (D, G na C zenyewe), aliiachia besi. Yeye alishika noti F-A-C-E, kisha F-A-B-E, kisha E-G-B-D, vidole vikisogea kidogo sana kutoka kodi moja hadi nyingine. Bill Evans, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliueneza mtindo huu, na wengi wanaujua, ila hukosea mahali pamoja: wanauteremsha chini mno. Sauti zilizokaribiana namna hiyo, zikishuka chini ya C iliyo oktavu moja (noti nane) chini ya C ya katikati ya kinanda, huwa tope, na besi haisikiki tena. Sasa kila ukurasa una alama ya mpaka huo.

Kuhusu pedali, ile ya mguuni inayoendeleza sauti ya piano, wahariri wetu waliuliza kwa nini rekodi zake ni kavu. Alianzia kwenye harmoniamu ya kanisa, chombo ambacho sauti yake hukatika mara kidole kinapoinuka. Anayefundishwa hapo hujifunza kuunganisha noti kwa vidole, si kwa mguu. Alikuja kusindikiza waimbaji, kisha akaongoza trio, na tabia hiyo haikumtoka. Msimwongezee pedali.

Fundi aliyeihudumia piano yake kabla ya ibada ya kumbukumbu, Mungu akubariki. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na mvutano wake kwa jumla hufikia tani 18 au zaidi. Iliyohamishwa haituniwi siku hiyohiyo. Mbao zinahitaji kama wiki mbili kuizoea hewa mpya, la sivyo tuni inateleza. Hii ilikuwa imeshuka mno chini ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti A. Ukikaza nyuzi za upande mmoja, ubao wa sauti hukandamizwa na za upande mwingine hulegea, kwa hiyo fundi aliipandisha yote kwanza kwa haraka, ndipo akairudia taratibu. Waliouliza kwa nini alikuja mara mbili, jibu ndilo hilo.

Mafundi wa sauti nao walitufundisha subira. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu. Ukiicheza, kanda hunata kwenye vichwa vya mashine na unga wa sumaku hubanduka pamoja na muziki. Walizipasha joto la nyuzi takriban 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa kwenye kifaa maalumu (si jiko la nyumbani), wakazinakili haraka kabla unyevu haujarudi. Nakala ni za kidijitali, za biti 24, hazikubanwa ili kupunguza ukubwa, na zipo tatu, moja ikiwa mbali na nyumba.

Wanafunzi mliopanga muziki wa ibada mlikumbuka jambo alilolipenda sana: kwamba mwaka 1960 mpiga piano Mmarekani Randy Weston alirekodi albamu ya Uhuru Afrika, mpangaji wa muziki akiwa Melba Liston, na Kiswahili kikasikika ndani ya jazi ya Marekani. Mwaka 1964 Afrika Kusini ikaipiga marufuku albamu hiyo. Asanteni kwa kulisimulia bila kulikuza.

Mwanasheria aliyetushauri bila malipo alikuta tungo moja imesajiliwa kwa majina matatu tofauti ya wimbo, na nyingine bila jina la mtunzi mwenza. Makosa ya aina hii huzuia mirabaha kwa miaka, kwa sababu chama cha hakimiliki hakiwezi kulinganisha orodha ya redio na wimbo kisioutambua. Alitutenganishia pia haki ya tungo na haki ya rekodi, ambazo si kitu kimoja: anayepiga tungo upya hashughuliki na mwenye rekodi.

Maombi yetu ni mawili. Mwenye kanda yake asiijaribu kwenye mashine, atuletee ilivyo. Na mtakaozipiga tungo zake, angalieni alama ya mwendo: mara nyingi aliandika 100 kwa dakika kwa noti ya nusu, si ya robo. Wanaoisoma kama robo wanazipiga nusu ya kasi yake, kisha wanashangaa mbona mpiga drams anasinzia.

Asanteni sana.

Kwa niaba ya familia: mjane, watoto na wajukuu.