"Ni ya miguu tu, fundi": kwa nini stuli ya kukunja ina bei yake

Hapa karakana kwetu Pasua, Moshi, maneno haya tumeyazoea: "Fundi, ni ya kuwekea miguu tu, mbona bei inakaribia stuli mbili za kawaida?" Juzi dada mmoja alisema wazi kwamba tumeona ameshuka kwenye gari ndipo tukapandisha. Hapana, dada. Bei ni hiyo hiyo hata kwa aliyekuja na bodaboda.

Kwanza, hiyo "miguu tu" haipo. Wageni wakija makochi yakajaa, kuna mtu ataivuta aikalie, na mara nyingi ni shemeji mwenye mwili wake. Kwa hiyo tunaitengeneza ya kukaliwa.

Stuli ya kawaida viungo vyake vimetulia. Ya kukunja, miguu inapishana kama mkasi na mzigo unaelemea pale inapokutana, nasi hapo hapo ndipo tunapotoboa. Mbao ya inchi 2 kwa 1 ikishapita kwenye randa hubaki na upana wa milimita 45 hivi. Pitisha bolti ya milimita 8, kila upande unabakiwa na 18 na ushee. Jicho la mbao, yaani alama ngumu ya pale tawi lilipoota, likiangukia hapo, mguu huo hatuutumii, hata kama umeshapigwa msasa. Miguu ya kila jozi tunaibana pamoja na kuitoboa kwa mkupuo mmoja ili matundu yalingane. Ukitoboa mmoja mmoja kwa kukadiria, stuli itakunjika kwa kubishana.

Miguu tunapenda mninga, maana hausinyai sana, lakini unatoka mbali, Tabora na Katavi huko, na bei yake mnaijua. Saipras ya West Kilimanjaro ni nyepesi na inafaa, mradi iwe kavu na nyuzi zake zimenyooka. Wengi tunawachanganyia: miguu mninga, vipande vya kati saipras.

Hasara kubwa inaanzia kwenye mbao mbichi. Mama mmoja alileta mgrivea kutoka shambani kwao Kibosho, umepasuliwa wiki ile ile, akataka kazi kabla ya Jumapili. Tukamwambia mbao zipangwe kivulini, katikati viwekwe vijiti hewa ipite, zikae miezi. Akaenda kwa fundi mwingine. Stuli ikakaa nyumbani kwake hapa mjini, joto la Januari likaikausha, miguu ikajipinda, ikawa inasimama kwa mitatu. Akaturudia, tukatengeneza miguu mipya. Hela ya kwanza ndiyo ilishapotea.

Kijana wa Majengo yeye alijitengenezea mwenyewe, na kwa kweli alikata vizuri. Ila badala ya bolti alitumia msumari wa inchi 4, akaukunja ncha. Kila ukikunja stuli, msumari unakula tundu, mpaka mbao inapasuka. Wengine wanaweka skrubu nyeusi za kufungia bodi za jipsamu. Zile ni ngumu lakini hazipindi, zinakatika tu. Weka bolti yenye shingo laini, washa (kile kiduara bapa chenye tundu) katikati ya miguu, na nati yenye plastiki ndani. Nati ya kawaida inalegea kila unapokunja, na supaglu haiizuii.

Kitambaa cha kukalia nacho si pambo, ndicho kinachozuia miguu isiteleze ikalala chini. Kwa hiyo ni turubai, imezungushwa kwenye mti wa juu na kushonwa mara mbili kwa uzi wa nailoni. Pini za sofa peke yake zinang'oka. Ukitaka kitenge tunakiweka, lakini juu ya turubai.

Kabla ya kuagiza, mtu akae kwenye kochi lako, upime kutoka sakafuni hadi pale mto ulipobonyea, ututumie kipimo. Stuli haitakiwi kuzidi hapo. Sema pia kama itakaa barazani, vanishi ya nje ni nyingine. Advansi ni nusu. Mbao zako tunazipokea, ila zikiwa mbichi zinakaa kwanza, na foleni yako inasubiri nazo.