Barua ya wazi kwa wajukuu zangu warushaji

Wajukuu zangu warushaji, mnaomtupia mpigaji mpira katika besiboli hapa Columbus, Marekani, pamoja na wazazi wenu,

Nawaandikia nikiwa bado na uchungu wa Jumamosi iliyopita. Nilikaa nyuma ya wavu nikimtazama mvulana wa miaka 12, mtoto wa watu wetu, akirusha mechi ya asubuhi, kisha akirudishwa kilimani, pale kwenye kichuguu anaposimama mrushaji, mechi ya alasiri. Nilikuwa nikihesabu kwa tasbihi, punje moja kwa kila mpira. Punje 99 zikaisha, nikaanza mzunguko wa pili. Katikati ya mipira mtoto alikiminya kiwiko chake kwa ndani, na kila baba yake alipomtazama aliuficha mkono ule ndani ya glavu. Watu wazima walikuwa wakipiga makofi.

Mwongozo uliotolewa na Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani pamoja na USA Baseball uko wazi: mtoto wa miaka 11 au 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akipita 65 apumzike siku 4. Kila mwaka mkono wake upumzike miezi isiyopungua 4. Wazazi wenzangu, masharti haya hayakuwekwa kuwadekeza watoto. Ndani ya kiwiko kuna kano inayofunga mfupa wa juu na wa chini, na kila mpira wa kasi huivuta. Isipopumzishwa huchanika kidogo kidogo, mpaka siku inakatika.

Kilichoniudhi zaidi ni mzazi aliyeniambia pale pale kwamba heri mtoto apasuliwe mapema, kwani mkono utarudi na kasi zaidi. Ameisikia nusu tu habari ya Tommy John, mrushaji wa Ligi Kuu ambaye upasuaji huo umepewa jina lake. Ni kweli kwamba mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia wa Tommy John akaipandikiza katika kiwiko chake cha kushoto, na kwamba baadaye mrushaji huyo alishinda mechi 164 zaidi. Lakini alikuwa mtu mzima wa miaka 31, na msimu wote wa 1975 hakucheza Ligi Kuu. Mrushaji mwingine, Sandy Koufax, kabla upasuaji huo haujakuwepo, alishinda mechi 27 mwaka 1966 kisha akastaafu akiwa na miaka 30, kwa maumivu ya kiwiko hicho hicho. Mrushaji Stephen Strasburg alipasuliwa hivyo mwaka 2010, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali za Ligi Kuu mwaka 2019, akatia saini mkataba wa dola milioni 245, na baada ya hapo mwili wake ulimruhusu kuanza mechi 8 tu.

Wajukuu zangu, mkiumia semeni. Semeni kwa kocha, na kocha asiposikia mwambieni mama, na mama asiposikia njooni kwangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mnafundishwa kuficha na watu wanaowapenda.

Sisi wahamiaji nasi tumeingia katika biashara hii kwa pupa. Tunalipia timu za kusafiri, tunalipia hoteli, halafu tunamdai mtoto mavuno kama shamba.

Mengine ni mafupi. Someni, kwa sababu wengi wa warushaji hawafiki Ligi Kuu. Msitie saini karatasi ambayo wakili wenu hajaisoma. Jifunzeni kubadilisha kasi na kuulenga mpira mahali mnapotaka, kama mrushaji Greg Maddux, ambaye hakutegemea nguvu na akashinda mechi 355 katika misimu 23. Lisheni miili yenu vizuri. Mheshimuni mdakaji, anayeidaka mipira yenu.

Nawe mvulana wa Jumamosi, sitakutaja jina. Ulirusha vizuri, mwanangu, na hukumwangusha mtu yeyote; sisi ndio tuliokukosea. Jumamosi ijayo nitakaa pale pale nyuma ya wavu na tasbihi yangu, na ikifika punje ya 85 nitasimama nimwite kocha kwa sauti, hata kama baba yako atanikasirikia.

Babu yenu.