Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Umeme Unaoliwa Tumelala

Ndugu wanachama,

Habari za fedha na wanachama wapya mweka hazina ameshazisoma, sizirudii. Mimi nitazungumzia daftari la Luku, mita zetu za umeme wa kulipia kabla, maana ndilo lililotugombanisha mwaka mzima.

Mtakumbuka tulikubaliana kila jengo, liwe la maduka, gesti au zahanati, liandike salio la Luku linapofungwa jioni na linapofunguliwa asubuhi. Walioguna walikuwa wengi. "Sisi wafanyabiashara, si makarani," aliniambia mmoja wenu, na namwona pale nyuma anacheka. Ndiye aliyefaidika kuliko wote. Jengo lake la Ngamiani lilifungwa saa moja jioni likiwa na yuniti 212. Saa moja asubuhi zimebaki 195. Yuniti 17 zimeliwa na jengo lisilo na mtu! Akamshuku mlinzi kwamba anapikia jiko la umeme. Maskini, mlinzi mwenyewe uji wake ni wa kununua. Fundi alipopanda juu akakuta boya la tangi limekatika, pampu inavuta maji usiku kucha na tangi linamwaga kwenye uchochoro wa nyuma. Bila daftari, mwenzetu angelalamikia bei ya umeme, na pampu ingeendelea.

Tulikosea pia. Mwanzoni tuliyaweka majengo yote kwenye orodha moja, zahanati ikaonekana ndiyo mbadhirifu. Kumbe friji la chanjo halizimwi. Nyuzi 2 hadi 8 lazima lizishike, mchana na usiku. Sasa tunagawa yuniti za mwezi kwa mita za mraba za jengo, na zahanati inapimwa na zahanati, gesti na gesti. Tena, ukinunua umeme katikati ya usiku, ziandike yuniti ulizoongeza, la sivyo hesabu yote inaharibika.

Desemba hadi Machi matumizi yalipanda karibu kwa kila mtu. Joto la kaskazi mnalijua, simlaumu mtu kwa kuwasha kiyoyozi. Lakini jengo la huku pwani likibaki juu hadi Julai, mkaitazame mashine ya nje: chumvi ya bahari ikishakula mapezi yake, inahangaika kutwa na chumba hakipoi.

Kuhusu mita za ndani, za kupima umeme wa kila mpangaji pale wanapochangia Luku moja, kikao kilivunjika na lawama naibeba mimi. Hata hivyo sijabadili maoni: fundi cherehani mwenye taa moja hawezi kuchanga sawa na muuza samaki mwenye friza tatu. Atakayeamua kuweka, atafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asiungeunge nyaya mwenyewe.

Majengo manne hayakuleta daftari hata mara moja. Siyataji. Daftari mpya anazo katibu pale mlangoni. Chukueni kabla ya chai.