Sanduku la mashine yako

Mama,

Marahaba ya juzi. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu randa ilikuwa inawaka na mteja amesimama mlangoni. Leo kijana wa kazi ameenda kula, Keko imetulia kidogo, nikuandikie vizuri habari za sanduku la mashine yako ya kuchora, ile inayosogeza kalamu yenyewe kwa mota.

Umeuliza kwa nini limechelewa. Hili linalokuja kwako ni la pili. La kwanza mama yako analiwekea vitenge.

Lile la kwanza nililifanya kwa majivuno, sikufichi. Nilitoa mninga niliokuwa nimeuficha tangu mwaka jana, nikazikata kona zikaumana kama meno, msasa, vanishi koti tatu. Mashine nikaifunga juu ya mfuniko, bodi ya umeme inayoziamrisha mota na nyaya zake nikazizika ndani, kila upande nikauziba. Likapendeza kama jeneza la tajiri. Nikaweka karatasi, nikabonyeza pale uliponielekeza, ianze zile duara zako zinazopandana.

Mama yako akatoka jikoni kuuliza nani amewasha jenereta.

Ulipoiacha kwenye kipande chako cha plaiwudi ilikuwa ikinong'ona tu. Mimi nikaiweka juu ya mfuniko wa milimita 6 wenye uwazi chini yake. Yaani nilikuwa nimetengeneza ngoma, halafu nikaipa mota mbili za kuipiga! Na mfuniko ukitetemeka kalamu nayo inatetemeka, kwa hiyo duara zilitoka na mikunjo midogo pembeni, kama pindo lililoshonwa na mtu anayejifunza cherehani.

Usiku nikakaa na ile karatasi yako ya hesabu. Mota inakamilisha mzunguko kwa hatua 200. Gia ndogo ina meno 20, na meno ya mkanda yamepishana milimita 2, kwa hiyo mzunguko mmoja unasogeza kalamu milimita 40. Hatua moja ni sehemu mbili za kumi za milimita, halafu bodi inaigawa tena mara 16. Mimi nikikosea nusu milimita kwenye mlango wa kabati, mteja ananisifu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa unanibishia kuhusu mbao nyembamba.

Kosa jingine lilikuwa langu peke yangu. Ile shingo ya mota, uduara ulioinuka kuzunguka ekseli, ina milimita 22. Nilikuwa na kekee ya 20, nikasema itaingia tu kwa nguvu. Haikuingia. Mota ikakaa imeinama kidogo sana, huwezi kuona kwa macho, lakini mkanda ukawa unapanda upande mmoja wa gia na kuuchubua. Mara ya pili nikaweka karatasi juu ya uso wa mota, nikasugua kwa penseli mpaka shingo na matundu manne ya skrubu yakajitokeza yenyewe. Nikapima kati ya tundu na tundu: 31 kamili pande zote. Nikaibandika karatasi kwenye ubao, nikatoboa juu yake. Hivyo ndivyo babu yako alivyokuwa akihamisha nakshi za milango, ila yeye alitumia mkaa.

Kulikuwa na joto pia. Baada ya nusu saa nilisikia harufu ya vanishi. Kugusa mota, nikatoa mkono haraka. Fundi redio wa jirani akaniambia mota za namna hii hula umeme hata zikiwa zimesimama, kwa sababu zinashikilia mahali pake, na zile chipu mbili zenye vijibati vya alumini zinahitaji hewa kuliko mota zenyewe. Akapunguza umeme kidogo kwa bisibisi ndogo kwenye kila chipu, joto likashuka, na kalamu haikukosa hatua. Nimeweka alama ya kalamu nyekundu pale alipoacha. Usiguse bila sababu.

Siku hiyohiyo nilizungusha gia kwa mkono, umeme umezimwa kabisa, taa ya bodi ikawaka. Nilidhani nimeona shetani. Kumbe mota ukiizungusha inazalisha umeme, na ukiizungusha kwa kasi unaweza kuunguza bodi. Ungeniambia mapema, mama.

Basi sanduku la pili ni hili. Kitako ni plaiwudi ya milimita 18, mota na zile fito mbili za chuma ambazo kalamu hutelezea zimefungwa humo moja kwa moja. Kuta na mfuniko zinazuia vumbi tu, hazibebi chochote. Chini kuna miguu minne niliyokata kwenye ndala kuukuu ya kaka yako. (Anaitafuta. Nyamaza.) Matundu ya hewa yako chini kwa mbele na juu kwa nyuma, joto lipande lenyewe, na yote nimeyawekea wavu wa mbu maana mijusi inapenda sehemu za uvuguvugu. Adapta inabaki nje. Umeme wa ukutani hauingii kwenye sanduku langu, ndani ni volti 12 tu, na swichi iko mbele mkono unapofika upesi.

Nyuma nimeweka mlango wa bawaba. Hilo nimelichukua kwa yule mtoto wa Uswisi uliyenionyesha kwenye simu, mwanasesere wa mitambo wa mafundi saa akina Jaquet-Droz, anayeandika kwa kalamu ya unyoya tangu 1774, yupo makumbusho ya Neuchâtel na ndugu yake anayechora. Wewe ulitazama mkono wake. Mimi nilitazama mgongo: una mlango, na mitambo yote inaonekana humo. Waliomtengeneza walijua ataharibika. Kwa hiyo bodi yako nimeisimamisha wima nyuma ya mlango huo, unaifikia bila kugusa kalamu wala mkanda. Ila zima umeme kwanza kabla hujachomoa waya wa mota, fundi redio amesisitiza mara tatu.

Mninga umebaki kwenye mlango huo tu. Sikuweza kujizuia.

Sanduku litapanda basi la kesho usiku. Skrubu nne za akiba ziko kwenye kimfuko nilichobandika upande wa ndani wa mlango. Mama yako alitaka kuziba nafasi iliyobaki ndani kwa karanga, nikakataa, tukagombana, karanga zinakuja kwenye kiroba chake pembeni. Ukifika stendi hesabu mizigo miwili.

Baba yako