Wenye maduka ya spea, andikeni CDI ni ya AC au ya DC

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo nishalisema kijiweni, nishalisema dukani, na bado kila mwezi wa sita ukikaribia watu wanarudi na kilio kilekile. Mie ni fundi, natengeneza pikipiki na hizi kwadi za mipira minne zinazokodishwa wageni huku kaskazini Unguja, Nungwi, Kendwa, Matemwe mpaka Kiwengwa. Masika zinalala nje na turubai juu, msimu ukianza mwenye mali anapiga stata, injini inazunguka vizuri tu lakini plagi haitoi moto. Basi hapohapo keshahukumu, CDI imekufa, yaani kile kiboksi cha umeme kinachoipa plagi moto. Anampa kijana pesa apande boti mpaka Kariakoo, au wanaagiza mtandaoni, na kijana anatembea na kiboksi cha zamani mkononi kila duka anauliza "mnayo kama hii?"

Hiyo "kama hii" ndo inatumaliza. Viboksi vya CDI karibu vyote ni vyeusi, vyote vina soketi nyuma, ukiviweka viwili juu ya kaunta hata anayeuza hajui kipi ni kipi, anachofanya anahesabu pini, zikilingana anafunga kwenye mfuko anakupa. Lakini ndani yake mna aina mbili ambazo hazikai nyumba moja. Kuna ya AC, hii umeme wake unatoka kwenye koili yake iliyopo kule kwenye magineti, betri haiihusu kabisa, hata betri ikiwa imekufa kama kwadi ina kiki au kamba ya kuvuta itawaka. Na kuna ya DC, hii inakula volti 12 za betri afu yenyewe ndani inazipandisha. Kazi ya mwisho ni ileile, inajaza kapasita mpaka volti mia mbili, mia tatu na zaidi, ikipata ishara kutoka kwenye pikapu, ile koili ndogo pale pembeni ya magineti, inaumwaga umeme wote kwa mpigo kwenye koili ya moto, na koili ndo inaufikisha kwenye maelfu ya volti plagi iruke cheche. Sasa ukichukua ya DC ukaichomeka kwenye kwadi iliyosukiwa waya za AC, ukibahatika haitawaka tu, usipobahatika imeungua hapohapo kabla hujanusa. Kinyume chake hivyohivyo. Hata swichi ya kuzimia hazifanani, kwenye AC kuzima ni kuupeleka ule waya wa kuzimia kwenye ethi, yaani bati la injini au fremu, ukikosea ukaupelekea volti 12 umeiua CDI kwa mkono wako, wakati kwenye DC kuzima mara nyingi ni kuikatia umeme.

Na kujua kwadi yako ni ipi wala si elimu ya chuo. Chukua mita, chomoa soketi ya CDI, washa switchi ya funguo na ile ya kuzimia uiweke kwenye kuwaka, gusa waya mmoja mmoja wa soketi dhidi ya ethi. Ukipata volti 12 kwenye mmoja wapo hiyo ni DC. Ukikosa, geuza mita iwe ya AC, mwenzio apige stata, ukiona waya mmoja unapanda makumi ya volti hiyo ni AC, na usiushike kwa vidole wakati injini inazunguka. Rangi zinasaidia lakini usiziamini mia kwa mia, kwenye kwadi nyingi za Kichina mweusi wenye mstari mwekundu ndo unatoka koili ya magineti na wa buluu na mweupe ni wa pikapu, sasa nenda kwenye kwadi iliyopita kwa mafundi watatu uone kama kuna rangi iliyobaki mahala pake.

Tena kabla ya yote hayo, nani kasema CDI imekufa? Mie nnazoletewa nikaambiwa CDI, nyingi CDI iko nzima. Huku kwetu pwani ni chumvi. Soketi ukiifungua pini zimeota kijani, ethi ya kwenye fremu imeliwa kutu, au swichi ya kuzimia imeingia maji imejishika ndani, au ile kamba ya usalama anayovuta mtembeza wageni mgeni akizidisha mwendo imechomoka nusu na hakuna aliyeangalia. Safisha, kaza, paka grisi ya soketi, piga stata. Ikikataa pima pikapu, kwenye GY6 nyingi, zile injini za mtindo wa skuta, inasoma ohmu mia na kitu, ikisoma sifuri au isiposoma kabisa basi CDI hata ukinunua ya dhahabu haitapata ishara. Badili plagi pia na angalia herufi zake, GY6 nyingi zinatumia CR7HSA ya NGK, hiyo R maana yake plagi ina rezista ndani. Kuna watu wanaweka isiyo na R kwa sababu eti cheche yake nene, afu CDI ya kisasa inaanza kuchanganyikiwa na kelele za umeme, injini inakatakata ukiipa mafuta, wanasema CDI mbovu. Na ukitaka kuona cheche hakikisha plagi imegusa bati la injini, kuiacha inaning'inia hewani huku unapiga stata ni njia nyingine ya kuiua CDI nzima.

Kwa wenye DC kuna adui mwingine anaitwa regulata, ile inayodhibiti chaji ya betri. Injini ikiwaka pima betri, ikae kwenye volti 14 na kidogo, ukiona imepita 15 na inaendelea kupanda usithubutu kuchomeka CDI mpya maana iliyoua ya kwanza bado iko palepale inasubiri ya pili. Na weldingi jamani! Fremu za kwadi zinakatika sana kwa yale mashimo ya njia ya mawe, zinapelekwa kuchomelewa na CDI iko ndani betri imefungwa, jioni inarudi fremu nzima moto hakuna. Chomoa betri na CDI kwanza, dakika chache tu.

Haya, tuseme umepima na kweli imekufa, unanunua ipi? Hapa ndo naomba wenye kwadi wanisikilize maana wengi wakiona kiboksi kimepigwa rangi nyekundu au cha buluu kimeandikwa resi macho yanawatoka. Hiyo CDI ya resi kikubwa ilichofanya ni kuondoa kikomo cha mizunguko, na nyingine inawahisha moto kidogo. Kwenye GY6 kikomo cha kiwandani mara nyingi kiko elfu nane na kitu kwa dakika. Lakini GY6 ni ya mkanda, mwendo wake unaamuliwa na roli, vile vizito vidogo vya ndani, na springi za kluchi, injini yenyewe haifiki kwenye hicho kikomo ukiwa njiani, sasa umeondoa ukuta ambao hukuwa unaugonga, umelipia nini? Utakachokipata ni siku mgeni ameinamisha kwadi kwenye mchanga mipira ya nyuma iko hewani, anabana mafuta mpaka mwisho, hakuna kinachoizuia injini, valvu zinaanza kuelea na kukutana na pistoni. Na huo moto unaowahishwa, kwenye injini ya kupozwa na upepo, mchana wa Februari, kwenye foleni ya kwadi kumi zinakwenda taratibu nyuma ya mtembeza wageni, na petroli yenyewe umeinunua kwenye chupa kibandani, injini itagonga na siku moja utaitoa pistoni ina tundu.

Kuna jambo lingine halizungumzwi. Kwadi nyingi za Kijapani CDI yake inajua ukiwa kwenye riversi na inapunguza nguvu, ili mtu asirudi nyuma kwa kasi akajipindulia. Ukiweka CDI isiyo na waya wa riversi kwadi itawaka vizuri, utafurahi, lakini riversi sasa iko huru. Kwako wewe uliyezoea si kitu. Kwa mama wa miaka hamsini katoka Poland hajawahi kupanda hata vespa, ni kitu. Vilevile baadhi ya kwadi ndogo za watoto zina waya wa kikomo cha mwendo, na nishaona vijana wameukata kabla hata kwadi haijatoka gereji. Gari la kukodisha lina bima na lina vibali, sijui tunamwambia nini mtu wa bima siku ajali ikitokea.

Wenye za Kijapani nawaambia hivi, msiende na picha, nendeni na namba ya spea. Honda CDI zake nyingi namba inaanza na 30410, na zile herufi na tarakimu tatu za katikati ndo zinataja modeli, hizo zikitofautiana jiulize mara mbili. Yamaha Raptor watu wanaagiza "CDI ya Raptor" basi, kumbe 660 ilikuwa ya kabureta na ina CDI, wakati 700 iliyotoka 2006 inapuliziwa mafuta kwa kompyuta, hakuna kiboksi cha elfu kadhaa utakachochomeka pale. Anayetaka ya nje iliyo na sifa zipo kampuni kama Dynatek ya Marekani, hao CDI zao nyingine unachagua taimingi, yaani cheche iruke lini, na unaweka kikomo cha mizunguko mwenyewe, lakini wanakuandikia modeli na mwaka, ukiagiza ya mwaka mwingine kosa si lao. Ni ghali, kwa kwadi ya kukodisha mie naona orijino au kopi nzuri ya orijino inatosha sana. Na za injini za CG, zile za kufanana na za bodaboda, spea zipo kila kona lakini CDI ya bodaboda ya jirani bado inaweza ikawa ya DC na kwadi yako ya AC, au ikawa na taimingi yake, pini kulingana si ushahidi.

Sasa ombi langu. Wenye maduka, Kariakoo, Darajani na kwengineko, hamuhitaji mashine wala mtaalamu kutoka nje, peni ya wino mzito inatosha: mzigo ukifunguliwa andikeni juu ya boksi AC au DC, na injini gani. Kama boksi limetoka kiwandani halijaandikwa muulizeni aliyewauzia, asipojua yeye mtajua mnauza nini? Kuna duka moja bara kijana wetu alirudisha CDI hata haijachomekwa akaambiwa vitu vya umeme havirudishwi, sawa, hiyo ni sheria yenu, lakini basi mtu aambiwe kabla hajatoa pesa anachukua kitu gani. Na ZBS huku, TBS kule bara, nyie watu wa viwango, mnapokagua mizigo ya spea za pikipiki liangalieni na hili la maandishi, maana kitu hakiwezi kuitwa kizuri wala kibaya kama hakisemi ni cha umeme upi.

Na nyie wenye kwadi, CDI ya zamani msiitupe baharini wala msimpe mtoto achezee. Ileteni pamoja na mpya tukichomeka, mara nyingi ya zamani nikishasafisha soketi na ethi inawaka yenyewe, na ile mpya mtabaki nayo kama spea ya mwezi wa nane, kama ni ya aina yake.

Fundi wa kwadi,
Nungwi, Unguja.